Siku moja na mashine ya kupimia magari, Ilala

Saa moja na nusu asubuhi nafungua gereji. Mimi ni fundi umeme wa magari, na watu wanadhani kazi yangu ni kuchomeka waya, kusoma kodi, yaani namba za hitilafu, na kudai hela.

Mpaka saa nne nimeshamaliza IST mbili na X-Trail: betri, fyuzi, koili moja.

Saa nne na nusu akaingia mzee mmoja na RAV4, taa ya injini inawaka. Ana kifaa chake cha Bluetooth, simu inaonyesha P0171, na mkononi kashika sensa mpya ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, aliyoshauriwa anunue.

"Fundi, funga hii tu. Mashine imeshasema."

"Shikamoo mzee. Mashine haijasema hivyo."

P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inayostahili. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoligundua tatizo. Kisababishi kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya petroli iliyochoka. Kodi imenionyesha pa kuanzia tu. Tena mzee alikuwa ameifuta njiani, ikarudi. Ukifuta unapoteza pia kumbukumbu ya joto, mwendo na mzigo wa injini hitilafu ilipotokea, na mimi naihitaji sana.

Nikasubiri injini ipate moto, nikafungua data za moja kwa moja. Bila kukanyaga mafuta, kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 22. Nikapandisha injini mpaka mizunguko 2500 kwa dakika, asilimia ikashuka hadi 6. Pampu ingekuwa dhaifu, namba ingepanda. Hapa hewa inaingia kwa wizi. Mzee ananisimamia kichwani: mwenzako alisoma kwa dakika mbili, wewe unatafuta nini? Simu inaita, anamwambia mtu nimemshikilia. Jua limeshika bati. Nikapapasa mpira wa hewa mkunjo kwa mkunjo, na kwa chini, mahali macho hayafiki, ufa.

Mpira ukatafutwa kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, ukafungwa, namba ikatulia kwenye 3. Sensa yake dukani hawakuipokea. Kifaa cha umeme kikiuzwa hakirudi. Iliniuma kwa niaba yake.

Chakula nilikula jua linaelekea magharibi. Kijana wa gereji jirani akaja kuniuliza anunue mashine gani, kaambiwa kuna moja inasoma "magari yote". Nilichoka, lakini swali hilo silipuuzi. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani soketi na lugha za pamoja za kusomea hitilafu, kuanzia magari ya 1996. Gari la Japani la miaka hiyo linaweza kuwa na soketi ileile ya pini 16 na bado likaongea lugha ya kiwandani kwake. Kisomaji cha bei ndogo kinakaa kimya, au kinasoma injini na kuacha ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) na mifuko ya hewa ya usalama (airbag). Atazame pia kama inaonyesha data za moja kwa moja, kama inaweza kuamuru feni au pampu iwake, na baada ya mwaka wa kwanza atalipia kiasi gani kuihuisha.

Kuna Mark II ya 1998 inalala hapa leo. Nimemwambia kijana kesho amlete muuzaji na mashine yake. Ikiisoma hiyo mpaka ABS, ndipo atoe hela.