Andagraundi wa Mbeya tunakula wapi

Mwezi uliopita hela kubwa niliyoshika kwenye muziki ilikuwa elfu 40, na sio ya ngoma, ni ya tangazo la duka la mbolea Uyole, biti nimepiga mwenyewe nikaimba mwenyewe, gari la matangazo linapita nalo mpaka bi mkubwa kaliskia sokoni akacheka sana. Ngoma yangu niliyoisotea miezi mitatu haijaleta hata buku. YouTube wanataka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndo uanze kula za matangazo, sie huku tunahesabu vyuu za mashemeji.

Studio yetu ni chumba kimoja Mwanjelwa, ukutani trei za mayai na blanketi, mvua ikianza kupiga bati tunazima maiki, na mvua za Mbeya si unazijua, Machi nzima tunarekodi kwa kuvizia.

Sasa mwaka jana lebo moja ya Dar ikamtafuta mshikaji wangu. Mtaa mzima shangwe, kila mtu anamtaja Rayvanny, si katoka hapahapa Mbeya akaingia WCB, lebo ya Diamond, akabeba na tuzo ya BET 2017, basi na huyu tukamuona keshafika. Mkataba ukaja, Kiingereza kitupu, tukampelekea mwalimu mmoja atusomee. Kila shoo ipite kwao, kila tangazo lipite kwao, miaka kibao. Jamaa anaishi kwa sendofu na kipaimara, wiki mbili bila sherehe kodi inamsumbua, akawapigia akauliza na yale matangazo ya gari je? Wakamwambia hayo asahau, msanii wa lebo haimbi mbolea. Sawa, ila mshahara hamna, eti atulie kwanza watamjenga!

Halafu kutoka ndo kimbembe, Harmonize alisema mwenyewe hadharani kwamba kuondoka WCB alitakiwa kulipa milioni 500, na yule tayari alikuwa staa. Huyu wetu atauza nini, spika?

Akawaomba wachukue wimbo mmoja tu kwanza waone unaendaje. Kimya mpaka leo, meseji zina tiki za bluu tu. Kuna wanaomuona boya, mi simuoni hivyo.

Jumamosi ana kipaimara Tukuyu, laki na nusu na msosi, mi nambebea mixa. Nauli juu yao.