Alhamisi ya Fomu 14

Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya tiba ya watoto jijini Dar es Salaam, na tasnifu yangu ilihusu watoto wenye selimundu, yaani sikoseli, na hatari yao ya kupata kiharusi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya: kupima kwa dopla, mashine ya mawimbi ya sauti, kasi ya damu katika mishipa ya ubongo, kupima siku hiyohiyo hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni katika damu, kisha kuangalia kama vipimo hivyo viwili vinahusiana. Mtoto ambaye kasi yake inafika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi yumo hatarini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba mtoto wa aina hiyo akiongezewa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi hupungua kwa takriban asilimia 90. Kwa daktari anayefanya kazi katika nchi ambayo maelfu ya watoto huzaliwa na selimundu kila mwaka, namba hiyo ya 200 si ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Msimamizi wangu wa kwanza nilimpata kupitia orodha iliyobandikwa ubaoni, na sikuwahi kukaa naye kwa zaidi ya dakika kumi. Alikuwa na wanafunzi wengi, raundi za wodini na mihadhara, kwa hiyo sikuona ajabu. Lakini katika miezi ile nilijifunza tabia mbaya, nayo ni kumpelekea mkubwa habari njema tu. Tukikutana koridoni akaniuliza kazi inaendeleaje, nilijibu, "Inaendelea vizuri, Daktari," naye akapita. Alipohamia kwingine nilikabidhiwa kwa Profesa, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, bingwa wa magonjwa ya damu, nami nikamwendea na tabia ileile.

Wiki 11 baadaye alinitaka nimpelekee fomu za wagonjwa zenyewe, si jedwali la kwenye kompyuta. Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, kliniki imekwisha. Nilibisha hodi, nikamwamkia, akaitikia na kunionyesha kiti kilichokuwa upande wake wa meza, si cha mbele yake. Nilikuwa na fomu 132 ndani ya boksi la karatasi za kuchapia. Nilidhani angechukua tano au sita, azipitie juu juu na kuniruhusu niende. Alianza na namba 1.

Alisoma kila fomu huku kidole chake cha shahada kikishuka ukingoni mwa karatasi, kikisimama kwenye kila kisanduku. Alipofika kwenye fomu ya 41 kidole kilisimama na hakikuendelea. Kando ya kiwango cha hemoglobini palikuwa na kisanduku cha namba ya maabara, na kilikuwa kitupu.

"Namba ya maabara iko wapi?"

Nilisema labda nilisahau kuiandika. Aliitoa fomu ile, akaiweka pembeni, akaendelea. Ilipofuata ya pili, kisha ya tatu, nilihisi jasho mgongoni, na kwenye ya nne nikasema kweli. Kwa siku kadhaa vitendanishi vya maabara, yaani kemikali za kupimia, vilikuwa vimekwisha. Akina mama walikuwa wametoka Mkuranga na Kibiti kwa mabasi ya alfajiri, na sikuwa na moyo wa kuwaambia warudi siku nyingine. Niliwapima watoto kwa dopla, kisha nikachukua hemoglobini iliyoandikwa kwenye kadi zao za kliniki, nyingine ya wiki tatu nyuma, nyingine ya miezi miwili, nikaijaza kana kwamba ni ya siku ile.

Nilijua uzito wa nilichokifanya, ingawa nilikuwa nimejizuia kukifikiria. Hemoglobini ya mtoto mwenye selimundu haitulii. Malaria moja tu inaweza kuishusha. Damu ikipungua nguvu, mwili huisukuma kwa kasi zaidi kwenda kwenye ubongo ili oksijeni itoshe, na ndiyo maana kasi ya dopla hupanda. Uhusiano huo ndio niliodai kuupima, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuvuruga.

Profesa hakusema lolote kuhusu tasnifu. Zilipokamilika fomu 14 alizipanga upya mbele yake na kuanza kusoma safu ya kasi ya damu, moja baada ya nyingine, mpaka akakuta 206.

"Huyu mtoto amerudiwa kipimo?"

Nilimwambia kwamba amerudiwa, kwamba kipimo cha pili kilikuwa 209, na kwamba ameanzishiwa dawa ya haidroksiurea kwa sababu kumpatia damu kila mwezi kusingewezekana. Alifungua daftari la kliniki akahakikisha kwa macho yake. Hapo ndipo alipoegemea kiti na kuniita mwanangu, yeye ambaye siku zote aliniita Daktari.

"Mwanangu, mimi ni msimamizi wako kwa wiki 11 sasa, na leo ndiyo mara ya kwanza naziona fomu hizi. Hilo ni kosa langu. Lako ni hili lililo mezani. Tuyarekebishe yote mawili."

La kwangu lilirekebishwa kwanza. Vipimo vya dopla vya watoto wale 14 vilikuwa halali, kwa hiyo wangebaki katika hesabu ya watoto wenye kasi kubwa. Lakini katika hesabu ya uhusiano na hemoglobini wangeondolewa, wabaki 118. Tuliandika barua kwa kamati ya maadili ya utafiti kueleza kilichotokea, nami nikatia saini, naye akatia yake chini ya yangu.

Kisha akachukua karatasi tupu tuandike na la kwake. Kila baada ya wiki mbili, Alhamisi saa kumi, tungekutana, na Jumanne usiku ningemtumia ukurasa mmoja unaoanza na kilichokwama, si kilichofanikiwa. Makala itakayotokana na tasnifu ingetanguliwa na jina langu, na hilo liliamuliwa jioni ile, kabla ya kuwepo makala ya kugombania. Takwimu alisema wazi kwamba si fani yake. Alimpigia simu mtakwimu nikiwa nimekaa palepale, akaniombea miadi. Cha mwisho ndicho kilichonishangaza: baada ya miezi sita, yeyote kati yetu akiona mambo hayaendi, atasema, na yeye mwenyewe atanisaidia kutafuta msimamizi mwingine.

Sijui kama aliye nje ya taaluma yetu anaweza kuelewa uzito wa kipengele hicho. Kwetu, anayekulea ndiye anayekusahihishia, ndiye anayekutilia saini, na mara nyingi ndiye utakayemwomba barua ya kazi. Mdogo hamwachi mkubwa, na kwa kuwa hawezi kumwacha, hujifunza kumficha. Mimi nilificha fomu 14 nikiwa mtu ninayejiona mwaminifu, na naamini wapo waliolazimika kuficha makubwa zaidi. Tangu karatasi ile niliweza kuandika Jumanne usiku, bila kuzunguka, kwamba wiki hizi mbili sikupima mtoto hata mmoja, na nikalala.

Siku ya kutetea tasnifu, swali la kwanza la mtahini wa nje lilikuwa kwa nini jedwali moja lina watoto 132 na jingine 118. Nilimweleza vitendanishi vilivyokwisha, kadi za kliniki, nilichokijaza na barua tuliyoiandika. Profesa alikuwa amekaa safu ya nyuma na hakuinua kichwa. Mtahini aliandika kitu pembezoni mwa nakala yake, akafungua ukurasa uliofuata, akauliza swali la pili.