Mbwa aliyetumikia na mtu aliyeshika kamba yake

Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, huamka saa kumi usiku hata siku ambazo hana safari. Huteremka, hukaa kwenye daka la nyumba yetu ya Mkomani, mjini Lamu, na husubiri adhana ya alfajiri bila kusema neno. Kwa muda mrefu nilidhani ni ibada tu, mpaka aliponieleza mwenyewe kwamba hiyo ndiyo saa aliyokuwa akimtoa mbwa wake bandani, akimkagua makucha na masikio, akimpa maji na kumtembeza kabla jua halijaanza kuichoma ardhi. Ami alikuwa mwongozaji wa mbwa wa kunusa mabomu kwa miaka 6, na ameniruhusu kuandika haya.

Mbwa alipotimiza miaka 9, nyonga zilianza kumsumbua. Akawa hawezi kurukia gari, kisha akawa anakawia kuinuka asubuhi. Ami aliandika barua ya kuomba apewe akamlee, na kabla jibu halijamfikia alikwenda likizo ya siku 10. Aliporudi alikuta banda limeoshwa kwa dawa, na ukanda wa shingoni umetundikwa msumarini. Aliambiwa kwamba mbwa ameondolewa kwenye orodha. Hakuelezwa zaidi, naye hakuuliza, lakini aliuchukua ule ukanda, na hadi leo umo katika sanduku lake la nguo. Jina la mbwa huyo hajalitaja mbele yangu hata mara moja.

Anayetaka kuielewa huzuni hiyo hana budi kuijua kazi yenyewe. Sisi wa Lamu hatuhitaji kuelezwa maana ya bomu lililofukiwa katika barabara ya mchanga. Tangu Operesheni Linda Boni, ile ya vyombo vya usalama dhidi ya Al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilipoanza Septemba 2015, na hata kabla yake, tumezika watu waliokufa katika barabara za bara yetu. Mbwa wa kunusa hutangulia mbele ya msafara akiwa amefungwa kamba ndefu, na mtu aliye nyuma yake huwa haangalii barabara pekee, bali huangalia mkia, masikio, na jinsi pumzi inavyobadilika mbwa anapoikaribia harufu aliyofundishwa. Akiipata, habweki wala hachimbi; huketi, au hulala kifudifudi, akatulia, kwa sababu kuchimba kungewaua wote wawili. Ujira wake ni mpira. Hapewi kingine kwa kazi hiyo ila mpira wa kuchezea na sauti ya furaha ya mwongozaji wake, na kwa ujira huo huenda mahali ambapo watu wazima wenye silaha wanasubiri nyuma.

Joto ni adui mwingine. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na mbwa anayehema sana hawezi kunusa vizuri. Kwa hiyo mwongozaji hubeba maji ya mbwa kabla ya kufikiria maji yake, humtafutia kivuli, na huigusa ardhi kwa kiganja ili ajue kama itazichoma nyayo. Ami anasema baada ya mwaka mmoja mtu huacha kumfikiria mbwa kama kiumbe wa pembeni. Unapoishi kwa kuamini pua ya mwenzako, na yeye anaishi kwa kuyaamini macho yako, hakuna hesabu inayoweza kuwatenganisha siku mmoja anapozeeka.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Katika vita vya Vietnam Marekani ilipeleka mbwa takriban 4,000, na waliorudishwa nyumbani walikuwa wapatao 200 tu, kwa kuwa jeshi liliwahesabu kuwa vifaa vilivyozidi. Waongozaji wao walirudi wakiwa hai kwa sababu ya wanyama ambao hawakuruhusiwa kuwapandisha ndege, na wengi walilibeba jambo hilo kwa maisha yao yote. Ilifika Novemba 2000 ndipo Rais Bill Clinton alipotia saini sheria ya kuruhusu mbwa wa kijeshi wastaafu wapewe watu wa kuwalea. Sheria hiyo hujulikana kwa jina la mbwa Robby, ambaye mwongozaji wake wa zamani alikuwa ameomba ampate. Robby mwenyewe hakuifaidi, kwani alichomwa sindano ya mwisho Januari 2001. Miaka 15 baada ya sheria hiyo, nyingine ikaweka wazi zaidi kwamba mbwa warudishwe nchini kwao wanapostaafu, na kwamba waongozaji wao wa zamani wafikiriwe kwanza. Nimelitafakari sana pengo hilo la miaka. Hata hivyo, anayemchukua mbwa ndiye anayebeba gharama za matibabu, na ndiyo maana huko kuna mashirika ya hisani yanayolipa madaktari kwa niaba ya maaskari wastaafu.

Gharama zenyewe si ndogo. Mbwa aliyefanya kazi hii huzeeka na baridi yabisi ya nyonga na uti wa mgongo, meno yaliyovunjika kwa kuuma vyuma vya banda, na masikio yaliyodhurika kwa milipuko. Wengine hudhurika rohoni: hujificha mlango unapopigwa kwa nguvu, au hukataa kuingia mahali palipofungwa. Madaktari wa wanyama wa jeshi la Marekani wamekuwa wakiyaeleza maradhi hayo waziwazi tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na wanayatibu kwa dawa na kwa mazoezi ya taratibu. Mwongozaji naye huwa na jeraha kama hilo. Machi 2011, nchini Afghanistan, mwanajeshi wa Uingereza Liam Tasker aliuawa kwa risasi, na mbwa wake Theo, ambaye hakuwa amejeruhiwa, alikufa saa chache baadaye. Sisemi kwamba alikufa kwa majonzi, maana sina elimu ya kulithibitisha hilo. Nasema tu kwamba Ami aliposikia kisa hicho alitoka nje na hakurudi mpaka baada ya isha.

Najua wapo watakaonisoma wakisema kwamba mji wetu si mahali pa kuzungumzia mbwa. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na hukumu ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, kitu kilichoguswa na mate ya mbwa, tumeisoma chuoni tukiwa wadogo. Siipingi. Lakini dini hiyohiyo imetusomesha habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Imetusomesha pia habari ya mbwa wa watu wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini akiwalinda. Najisi ya mate haikuondoa haki ya kiu. Isitoshe, mji huu unaosema kwamba fadhila ya punda ni mateke ndio ulioipokea hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na hadi leo mnyama aliyekonda kwa kubeba mawe ya matumbawe hutibiwa pale bila mwenyewe kutozwa kitu. Desturi ya kumtazama mnyama aliyechoka kwa kazi yetu tunayo.

Mwezi uliopita nilivuka na Ami hadi Mokowe, upande wa bara, tukaendelea kwa gari mpaka mji mdogo wa Hindi, kwa rafiki yake ambaye bahati ilimwangukia: aliomba mbwa wake, akapewa. Ni mbwa mweusi mwenye mdomo ulioota mvi, anayetembea kama mzee mwenye bakora. Mwenyeji wetu alitueleza alivyojifunza kwa makosa. Mwanzoni alimpa vidonge vya maumivu vya binadamu, bila kujua kwamba dawa kama ibuprofen humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mbwa aliokolewa na daktari wa mifugo. Sasa anampimia chakula, kwa sababu kila kilo inayozidi huzielemea nyonga, na maji yakijaa humpeleka kwenye mkono wa bahari akaogelee polepole, mwili ukibebwa na bahari. Dawa halali ya viungo humla sehemu kubwa ya pensheni. Kuna pia kupe, na mbung'o wa upande wa msituni, ambao huwaambukiza mbwa malale na kuwapofusha macho.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mbwa aliinuka, akazunguka ghala mara mbili akiwa na pua chini, kisha akaketi kando ya gunia la mbolea ya CAN na kututazama bila kupepesa. Mbolea hiyo ina nitrati ya amonia, harufu aliyofundishwa tangu ujana. Mwenyeji wetu hakumkaripia. Alisema hufanya hivyo kila gunia jipya linapoletwa, na kila mara humlipa, kwa kuwa mbwa hajaelezwa kwamba kazi imekwisha. Kisha akautoa mpira mfukoni, akampa Ami.

Ami aliupokea, akakaa nao mkononi kwa muda. Alimwita mbwa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba na ya furaha, akaurusha karibu, pale ambapo miguu mibovu ingeweza kufika.

Tumekubaliana mambo matatu na watu wachache wa mtaani, wakiwemo wastaafu wengine wawili. Tutachangia dawa ya viungo kila mwezi, nami nitaivusha kwa mashua siku ya Jumatano ninapokwenda kazini bara. Tutaandika barua, kwa heshima na kwa majina yetu, kuomba mwongozaji aarifiwe kabla mbwa wake hajaamuliwa lolote, na apewe nafasi ya kumwomba. Na Ami atakwenda Hindi kila baada ya wiki mbili, amshike mbwa kamba majini wakati mwenyeji wetu anapumzisha mgongo wake. Jumatano iliyopita nilipokuwa nafunga dawa, aliniletea ule ukanda kutoka sandukuni, akanitaka niupime kama utamtosha yule wa Hindi.