Vibao vya vituo, reli ya kaskazini mwa Scotland

Jamani, nimepanda treni ya Inverness kwenda Wick, na milima ni mizuri kweli, lakini macho yangu yalikuwa kwenye vibao vya vituo. Vina majina mawili, la Kiingereza na la Kigaeli, lugha ya zamani ya Scotland. Inverness ni Inbhir Nis, yaani mdomo wa mto Ness, pale unapoingia baharini. Aber ya Aberdeen, mji mwingine wa Scotland, nayo ina maana hiyohiyo, ila imetoka katika lugha ya wenyeji wa kale zaidi, kabla Kigaeli hakijaenea huko.

Dingwall ndiyo iliyoniteka. Jina hilo waliliacha Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia: maana yake uwanja wa baraza, mahali walipokutana kuamua kesi na mambo ya sheria. Kwenye kibao hichohicho kuna Inbhir Pheofharain, mdomo wa mto Peffery. Waviking walitaja mkutano wao, Wagaeli wakautaja mto. Nilitamani treni ichelewe kidogo pale.

Halafu Sutherland, eneo ambalo treni inalipita! Maana yake nchi ya kusini, na iko karibu na ncha ya kaskazini kabisa ya Uingereza. Waliolitoa jina walikuwa Waviking wa visiwa vya Orkney na eneo la Caithness, kaskazini zaidi, na kwao huko ni kusini kweli. Jina Wick lenyewe maana yake ni ghuba tu.

Na majina haya yamesafiri hadi kwetu. Blantyre ya Malawi, jirani zetu, imeitwa hivyo kwa sababu David Livingstone alizaliwa Blantyre ya Scotland mwaka 1813.