Nyanya Zangu, Salfa ya Kaka na Maneno ya Bibi

Mwezi wa saba mwaka jana nyanya zangu zilianza kulala. Saa sita mchana zimelegea kama mfungaji wa siku ya kwanza ya Ramadhani, jioni zinaamka, kesho yake vilevile. Naishi Chikongola, Mtwara mjini, na ua wangu ni mchanga mtupu: unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka imeshazama. Nikajua ni kiu. Nikaongeza maji, hakuna kitu.

Kaka ana mikorosho Tandahimba, akanipa salfa iliyobaki. Sisi watu wa kusini, kwa kuwa salfa inaokoa maua ya korosho yasiliwe na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, tumeifanya dawa ya kila kitu. Niliipuliza jua likiwaka. Majani yakaungua kingo, na nyanya zikaendelea kulala.

Bibi wa jirani akaniuliza, "Mwanangu, umeng'oa mmoja ukaangalia?"

"Hapana, bibi."

"Sasa unamtibu mgonjwa hujamgusa hata paji la uso?"

Tuking'oa, mizizi yote ina vifundo kama kamba iliyofungwafungwa. Minyoo fundo hiyo, midogo hata huioni kwa macho, na mchanga kama wetu ndio unaoipendeza. Ila ukikuta vivimbe kwenye mizizi ya kunde, usikurupuke. Vya kunde vimekaa pembeni ya mzizi, unavibandua kwa ukucha, na ukikipasua kimoja ndani ni chekundu. Hivyo ni rafiki, vinarutubisha udongo. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, havibanduki.

Niling'oa miche yote na mizizi yake nikaichoma. Usiitupe kwenye shimo la mboji, utakuja kuisambaza shamba zima kwa mkono wako. Nilitaka kupanda bamia palepale, bibi akaguna. Kumbe bamia na biringanya minyoo inazipenda kama nyanya. Basi mwezi wa tisa nikalowesha lile tuta, nikalifunika na nailoni inayopitisha mwanga, kingo nikazifukia, jua likalipika wiki sita. Halafu nikachanganya mavi ya kuku yaliyooza vizuri (mabichi yanaunguza), na mvua za Desemba zilipokolea nikapanda karanga, ambazo minyoo hii kwa kawaida haizifurahii.

Nyanya nilizihamishia kwenye viroba juu ya matofali, mizizi isiguse chini. Huko zikaja na kitako cheusi. Safari hii sikukimbilia dawa. Maji ya bomba yakikatika siku tatu, nilikuwa nikija kufidia kwa ndoo mbili kwa mpigo, na kwa maji ya kusitasita hivyo tunda halipati kalsiamu yake sawasawa. Sasa namwagia kidogo kila jioni, juu nimetandaza nyasi kavu, matunda mapya ni mazima.

Kuku wa majirani? Nimewazuia kwa nyavu kuukuu za wavuvi, nilizipata Feri karibu na bure.

Karanga tumezing'oa wiki iliyopita, bibi kachukua debe lake bila kuuliza. Mwezi ujao nitapanda miche miwili tu ya nyanya pale pa zamani, niing'oe baada ya wiki sita nitazame mizizi. Nikikuta vifundo, mwaka huu pia tutakula karanga.