Siku moja maishani mwangu: uani Tudor na Mini ya mwaka 1968

Mwezi wa Februari upepo wa kaskazi ndio unaonipangia kazi, wala si mwenye gari. Naishi Tudor, mtaa wa Mombasa ulio karibu na mkono wa bahari, na karakana yangu ni ua wa nyumba: sakafu ya saruji, paa la mabati upande mmoja na mwarobaini upande wa pili. Chini ya mabati hayo pana Morris Mini ya mwaka 1968, mali ya mwalimu mstaafu wa hapa hapa kisiwani. Injini imetolewa, vioo vimetolewa, viti vimetolewa, na tangi la petroli, ambalo katika Mini hukaa ndani ya buti, limehamishwa mbali kabisa na mahali pa moto. Kilichobaki ni bodi tupu iliyokalia vigingi vya chuma, na kazi ya leo ni kuchomelea kizingiti kipya cha mlango wa kushoto na kukata kile kilichooza cha kulia.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Baada ya swala na kikombe cha kahawa chungu, naanza kuchomelea hali majirani wamelala. Watu hushangaa kusikia hivyo, lakini kuchomelea hakuna kelele. Kelele ni za grinda, na grinda husubiri hadi saa mbili. Mashine yangu hutumia waya mwembamba unaolindwa na gesi itokayo kwenye mtungi, na gesi hiyo ikipeperushwa na upepo, hewa huingia kwenye chuma kilichoyeyuka na mshono hutoka umejaa vitundu, mzima kwa macho lakini hauna nguvu. Alfajiri hewa imetulia. Kadiri jua linavyopanda kaskazi nayo hupata nguvu, na ikifika saa nne hata turubai nililolitundika kati ya nguzo mbili halinisaidii sana.

Bati la Mini ni jembamba, chini ya milimita moja, kwa hiyo natumia waya wa milimita 0.6, naweka nukta moja hapa na nyingine mbali nayo, kisha narudi katikati, ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kulipinda bati. Pale ambapo kiwandani paneli mbili ziliunganishwa kwa nukta za umeme, natoboa tundu dogo kwenye bati la juu na kulijaza kwa kuchomelea, hivi kwamba likishasagwa huonekana kama kazi ya awali.

Kabla ya kugusa kizingiti nilichomelea bomba la mraba kuvuka nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma. Mini haina chasi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na fremu mbili ndogo, ya mbele ya injini na ya nyuma ya magurudumu, hufungwa tu kwenye bodi hiyo. Fundi anayekata kizingiti bila kuweka bomba la kushikilia huliacha gari likijikunja katikati bila yeye kuona, na siku ya kurudisha mlango hugundua kwamba haufungi tena. Kwa sababu hiyo, baada ya nukta chache za kwanza, naupachika mlango, naufunga, natazama nafasi iliyouzunguka juu na chini, na nikiridhika ndipo naendelea.

Kizingiti kilichotoka hapo jana kilikuwa na tabaka tatu. Chini kabisa palikuwa na kile cha asili kilichogeuka unga wa kutu. Juu yake bati lililowekwa na fundi wa kwanza. Juu ya bati hilo kifuniko kipana zaidi cha fundi wa pili, na puti nyingi ya kulainisha. Sielewi kwa nini watu huita kazi hiyo matengenezo. Kutu iliyofunikwa huendelea kula ikiwa gizani, na tena huzibiwa yale matundu ya chini ambayo waundaji waliyaweka makusudi ili maji yatoke. Hapa Mombasa, ambako hewa yenyewe ina chumvi, maji yakishaingia kwenye kizingiti kilichozibwa hayana njia ya kutoka.

Saa mbili asubuhi

Kijana anayejifunza kazi kwangu, mtoto wa ndugu yangu, amefika na mahamri na mbaazi za kununua kwa mama wa pale kona. "Ami, leo tunapaka rangi?" Kila asubuhi huuliza hivyo, kwa kuwa rangi ndiyo anayoipenda. Namkabidhi grinda.

Kuisaga mishono kunahitaji subira kuliko nguvu, kwa sababu diski ikikaa mahali pamoja sekunde kadhaa bati jembamba hugeuka rangi ya samawati na kupinda. Namwonyesha jinsi ya kuipitisha haraka na kuinua, naye ameanza kuuzoea mkono huo. Mishono ya nje, ile mikunjo inayoonekana kwenye pembe za Mini kutoka kioo cha mbele hadi chini, namwambia asiiguse kabisa. Alec Issigonis, aliyelibuni gari hili, aliiacha nje ili iwe rahisi kuchomelea kiwandani, na mtu akiisaga ili gari lionekane laini anakata maungio yenyewe.

Saa nne

Sasa upepo umeingia, na zamu ya kuchomelea imekwisha hadi kesho. Hii ndiyo saa ya praima, rangi ya kwanza inayokinga chuma. Unyevu wa alfajiri umepungua, jua limekausha bati, na jambo ambalo sitalikubali kwa gari lolote ni kuacha chuma kitupu kilale nje usiku. Chuma kilichosagwa mchana, kikiachwa hadi asubuhi katika ukungu wa chumvi wa pwani, huamka kimeota vumbi la rangi ya machungwa, na kutu hiyo hata ikipakwa juu yake praima bora kabisa itaendelea na kazi yake chini kwa chini.

Tunafuta bati kwa thina na kitambaa safi, kisha hakuna anayeruhusiwa kuligusa kwa mkono mtupu. Jasho la mwezi huu ni chumvi tupu, na alama za vidole hutokeza chini ya rangi baada ya miezi. Praima ya epoksi ina sehemu mbili, na ikishachanganywa huanza kukomaa ndani ya kopo. Maelekezo ya kopo yameandikwa kwa nchi za baridi, kwa hiyo kwa joto letu nachanganya kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza upande mmoja tu. Ndani ya kizingiti nimekwisha kupaka praima ya zinki kwenye kingo kabla ya kuchomelea, na bodi yote ikishapakwa rangi tutapuliza nta ndani kupitia matundu ya maji.

Saa sita na nusu

Nimechukua tuktuk hadi Shimanzi kwa fundi wa kerezo, silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ikiwa mapajani. Bloki ya injini, ya sentimita za ujazo 998, iko kwake tangu wiki iliyopita, nayo imechongwa inchi 0.020 zaidi ili ipokee pistoni mpya. Namwelekeza juu ya hedi: viti vya valvu za ekzosi vitolewe, viwekwe vya chuma kigumu. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi hiyo ilikuwa ikilinda viti laini vya chuma cha kalibu. Kenya iliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na tangu hapo gari la zamani linalokwenda mwendo mrefu bila viti vigumu huchimbika taratibu hadi valvu zinakosa nafasi ya kufunga. Fundi anauliza kama ashughulikie na valvu za kuingizia. Hazihitaji, hizo hupozwa na mchanganyiko baridi wa hewa na petroli.

Njiani kurudi napita Mwembe Tayari kutafuta bolti. Bolti za Mini ni za inchi, na duka linalozoea magari ya Kijapani litakupa ya milimita inayofanana kwa macho, itakayoingia mizunguko miwili kisha iharibu uzi. Nimepata nne tu zinazofaa.

Saa nane

Wali wa nazi, samaki, pilipili ya ukwaju, na nusu saa ya kulala mkekani. Hakuna mtu mwenye akili anayeshika chuma juani saa hii.

Saa tisa na nusu alasiri

Mwalimu amefika na mwanawe, na kama ilivyo desturi tumeanza kwa madafu kabla ya mabishano. Kijana ana picha kwenye simu: Mini yenye injini ya Honda, magurudumu mapana, ekzosi ya kunguruma. Anataka ya baba yake iwe hivyo.

Mimi si adui wa mabadiliko, ila hupenda yale ambayo mahali petu panayadai, na Mini ya Mombasa inadai kadhaa. Rejeta yake haikai mbele. Iko ubavuni, upande wa kushoto wa injini, na feni huisukumia hewa kwenye uwazi wa gurudumu. Gari lilibuniwa Uingereza baada ya mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 kupunguza petroli, likazinduliwa tarehe 26 Agosti 1959, na lengo lilikuwa watu wanne ndani ya urefu wa takriban mita tatu, si kusimama kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana. Kwa hiyo tutaweka rejeta nene zaidi, feni ndogo ya umeme kwenye uwazi wa gurudumu, na themostati, kile kifaa kinachofungulia maji kwenda rejeta, ya nyuzi 74 badala ya ile ya kawaida ya 82. Dainamo inayochaji betri itaondoka na alteneta ichukue nafasi yake, na kwa kuwa gari la mwaka huo lilifungwa waya wa chanya kwenye bodi, tutageuza mfumo uwe wa hasi ili feni, redio na chaja ya simu vifanye kazi bila kuungua.

Kisha kuna springi. Mini za kwanza zilikalia koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton, lakini saluni za kuanzia 1964 hadi 1969, hii ikiwamo, zilipewa mfumo wa majimaji unaounganisha gurudumu la mbele na la nyuma kwa bomba. Ni mfumo wa starehe, siwezi kukataa. Lakini hujazwa kwa pampu maalumu ambayo sijaiona katika karakana yoyote hapa, na bomba likioza gari hulala chini upande mmoja. Tunarudi kwenye koni za mpira, jambo linalomaanisha kuongeza shokabsoba na mabano yake, kwa kuwa mfumo wa majimaji haukuwa nazo.

Mwalimu anatikisa kichwa kukubali. Mwanawe anarudi kwenye Honda. Namchukua hadi mbele ya bodi na kumwonyesha nafasi iliyopo. Katika Mini, injini imewekwa kwa upana na giaboksi iko chini yake, ndani ya karteri moja, yaani sanduku moja la chuma, zote mbili zikilainishwa na oili ile ile, takriban lita tano za 20W-50. Kitu chote kile hukaa kwenye fremu moja ndogo. Kuweka injini nyingine ni kutafuta fremu nyingine, kukata ukuta wa mbele, kubadilisha ekseli, na kisha kukuta gari lina kasi ambayo breki zake za dramu haziwezi kuisimamisha.

"Lakini Mini zilishinda Monte Carlo," anasema.

Zilishinda mbio hizo za magari, mwaka 1964, 1965 na 1967, na zote zilikuwa Cooper S, toleo la Mini lenye kasi zaidi na breki za diski mbele. Basi tuanze hapo. Diski za inchi 7.5 za Cooper S huingia ndani ya magurudumu ya inchi 10 bila kubadilisha sura ya gari. Zile za inchi 8.4 za miaka ya themanini zinataka magurudumu ya inchi 12. Mwalimu amechagua za kwanza. Kijana ameridhika nusu, kwa masharti kwamba suala la ekzosi libaki wazi, na hilo nimelikubali kwa kuwa si la leo.

Saa kumi na moja jioni

Jua limepinda na tumehamia upande wa kulia. Bomba la mraba limechomelewa asubuhi ile ile, kwa hiyo kazi ni kukata. Kijana anashika ndoo ya maji na kopo la mchanga, mimi nashika grinda yenye diski nyembamba. Upande huu una tabaka mbili tu. Mguu wa nguzo ya mbele, nilioudhani umekwisha, una chuma kizima kuanzia inchi mbili juu ya sakafu, na sehemu hiyo nitaitengenezea kipande kwa bati jipya badala ya kununua paneli nzima. Kabla ya adhana ya magharibi kingo zote zimesafishwa na kupakwa zinki.

Saa mbili usiku

Huu ni wakati wa kupiga simu Uingereza, ambako kwa majira yao ya baridi ni saa kumi na moja jioni na maduka ya vipuri hayajafunga. Naagiza koni nne, mabano ya shokabsoba, diski na kalipa zake, na yale mambo madogo ambayo mtu akiyasahau hulia baadaye, hasa bomba fupi la mpira kati ya pampu ya maji na silinda hedi. Bei yake ni ndogo sana, lakini kulibadilisha injini ikiwa ndani ya gari kunaweza kukula alasiri nzima na ngozi ya vidole, kwa hiyo nimeagiza mawili. Muuzaji anasema kizingiti cha kulia wanacho dukani, na kitaondoka pamoja na mzigo huu kwa ndege. Nimemtumia mwalimu hesabu, naye amejibu kwamba atalipa kesho baada ya benki kufunguliwa.