Kinundu kwenye spektra ya nyutroni: kosa halikuwa la programu

"Badilisha programu ya kufumua," yaani ile inayogeuza hesabu za vigunduzi kuwa spektra, mchoro wa idadi ya nyutroni kwa kila nishati. Ndilo jibu la kila niliyemwonyesha spektra ya chanzo cha nyutroni cha amerisiamu-beriliamu yenye kinundu kinene upande wa nyutroni za polepole. Chanzo hicho hutoa nyutroni za wastani wa MeV 4 na ushei. Za polepole hazitoki humo, zinarudi kutoka ukutani. Ukiilisha programu takataka, itakufumulia takataka.

Tunapima kwa matufe ya Bonner: matufe ya polietilini ya kipenyo cha sm 7.6 hadi 30.5, katikati yake kigunduzi cha heliamu-3. Tufe dogo husikia zaidi nyutroni za polepole, kubwa za kasi. Kabla ya yote ondoa maji chumbani. Hapa Kampala hakuna chumba kisicho na jerikeni za akiba, na jerikeni moja ya lita 20 huakisi nyutroni kama kioo. Mwili wako pia, kwa hiyo hesabu ikianza, toka.

Mwangwi wa ukuta, yaani nyutroni zinazorudi, hupimwa kwa koni ya kivuli inayoziba zile za moja kwa moja kutoka chanzo: sm 20 za chuma zikitazama chanzo, zikifuatwa na sm 30 za polietilini. Chuma hupunguza kasi, haidrojeni ya polietilini humalizia. Unapima bila koni, unapima nayo, unatoa hesabu ya pili kwenye ya kwanza. Hapo ndipo nilipojidanganya, kwa kutumia koni moja kwa matufe yote. Koni ya tufe kubwa ikiwekwa mbele ya dogo huziba hata mwangwi wenyewe. Unatoa kidogo mno, dogo linabaki na hesabu ya ziada, na kinundu ndicho hicho! Nikageuza, koni nyembamba mbele ya tufe kubwa: nyutroni za moja kwa moja zikapita kandokando, nikazitoa kama mwangwi, upande wa nishati kubwa ukanywea. Hakuna programu inayotibu hilo.

Vipimo vya koni nilivipata kwa uzi wa cherehani. Vuta uzi kutoka ukingo wa kapsuli ya chanzo hadi ukingo wa tufe, upande uleule, kisha pima upana pale koni itakaposimama na uongeze milimita mbili tatu. Kapsuli ina unene wake. Ukiichora kama nukta, koni itatoka nyembamba. Kwa umbali wa mita 1.75, koni ikianzia sm 10 kutoka chanzo, kubwa ilitoka sm 5 mbele na 13 nyuma, ndogo 3.5 na 5. Kwa mita 1 nafasi kati ya koni na tufe haitoshi; iwe angalau urefu wa koni yenyewe. Fundi wa Katwe, hapahapa Kampala, alikereza chuma chakavu vizuri kabisa, kwa laki kadhaa, na hakuuliza ni cha nini.

Kipimo cha ukweli ni hiki: hesabu uliyobaki nayo zidisha kwa mraba wa umbali, kwenye mita 1.5, 1.75 na 2.5. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia mbili hivi, bado kuna mwangwi. Kusanya hesabu 10,000 upate asilimia 1, na kumbuka hesabu unayoitoa nayo ina kosa lake.

Kizingiti cha mapigo ya kigunduzi, ambacho chini yake hakuna kinachohesabiwa, kikae kwenye bonde lililo chini ya ngazi ya keV 191 katika mchoro wa mapigo ya heliamu-3, juu ya kelele za gama. Kilele cha mchoro huo kiwe keV 764. Msimu wa mvua unyevu huingia kwenye viunganishi vya volteji kubwa na kuzaa mapigo ya uongo, basi vifuko vya silika vya kufyonza unyevu visikosekane. Pima pia uzito wa kila tufe: la sm 30.5 ni karibu kilo 14, na likipungua kwa asilimia 1 au 2, jedwali la mwitikio ulilopewa, la jinsi tufe linavyosikia kila nishati, si lake.

Ndipo ufumue, mara mbili: ukianza na spektra bapa, iliyo sawa kwa kila nishati, kisha na ya rejea, ile inayojulikana ya chanzo hicho. Sehemu zinazobadilika kati ya hizo mbili zimetoka kwenye dhana yako, si kwenye matufe. Kinundu changu sasa kimebaki kovu tu, na programu ni ileile.